Daftari la Nani Anajua Nini: tulivyolitengeneza baada ya pilau kutuaibisha

Mimi ni katibu wa kikundi cha upishi wa shughuli hapa Ngamiani, Tanga. Tuko wanawake 9. Tunapika arusi, maulidi, khitma, na siku hizi hata semina za watu wa ofisi wanaotaka kula pilau ya sufuria kubwa. Tumepika pamoja miaka 11. Katika 10 ya mwanzo, ungeniuliza kama najua kupika pilau ya watu 150, ningekucheka.

Tuliumbuka Jumamosi moja kule Makorora. Arusi ya watu 300, masufuria mawili, kila moja kilo 20 za mchele. Mpishi wetu mkuu alikuwa Mombasa kwa binti yake aliyejifungua. Huyu ni shangazi yangu wa damu, lakini kikundi kizima na nusu ya mtaa wanamwita Shangazi, na mimi hapa nitamwita hivyohivyo. Hatukuwa na wasiwasi. Nani kati yetu hajasimama kando ya sufuria lile mara mia?

Ilipofika kutia maji, tukabishana. Huyu anasema hivi, yule anasema vile, mwisho tukapiga hesabu ya shule: nyumbani kilo 1 inakunywa lita 1 na robo tatu, basi kilo 20 ni lita 35. Hesabu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye pilau. Tulipoona maji hayaishi tukaanza kuyachota kwa upawa, na viungo vikatoka nayo. Tukapalia makaa juu ya mfuniko, tukamwachia Mungu. Tulipofunua, chini bokoboko, juu punje zina kiini. Wageni wa Tanga hawasemi kitu. Wanasogeza sinia polepole tu. Tulirudisha nusu ya malipo, na mama wa bwana arusi hadi leo akiniona soko la Mgandini anageukia mchicha.

Haya maelekezo, ya kuandika daftari linaloonyesha katika kikundi nani anajua nini, yametokana na aibu hiyo. Yanafaa kikundi chochote cha kazi: wapishi, wavuvi wa chombo kimoja, gereji, familia yenye duka. Tafuta daftari la kurasa 100, kalamu ya bluu na nyekundu, ndoo yenye alama za lita, na mikutano minne ya saa moja moja. Kiburi nacho kiachwe mlangoni, ingawa kiburi hakitoki kwa kuambiwa kitoke. Ndiyo maana tunaanza na baiskeli.

Anza na baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli, na katika kikundi chetu hakuna nyumba isiyo na angalau moja. Siku ya mkutano wa kwanza nilimpa kila mmoja karatasi nikasema: chora baiskeli. Usichungulie nje. Onyesha fremu, pedali, na mnyororo unapita wapi. Dakika 5.

Karatasi 6 kati ya 9 zilikuwa za baiskeli isiyoweza kutembea. Mmoja aliuzungusha mnyororo kwenye magurudumu yote mawili. Mwingine aliweka pedali katikati ya gurudumu la mbele, kama vibaiskeli vya watoto vya magurudumu matatu. Yangu ilikuwa na chuma kimetoka katikati ya gurudumu la nyuma moja kwa moja hadi katikati ya la mbele. Mume wangu, anayeendesha kwenda Pongwe kila siku, aliitazama kwa muda mrefu kisha akauliza, "Na hii unakataje kona?"

Mchezo huu nilipewa na mwanangu, anasoma saikolojia huko Dodoma, na hunitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya Ijumaa. Anasema Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, aliwafanyia watu jambo la namna hii na kulichapisha mwaka 2006, na wengi walikosea mahali pa mnyororo, pedali na fremu, hata baadhi ya wenye kuendesha. Kabla yake, mwaka 2002, Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwauliza watu: unaelewa kiasi gani namna zipu inavyofanya kazi? Choo cha kuvuta maji? Cherehani? Watu wakajipa alama. Kisha wakaambiwa waandike maelezo, hatua kwa hatua. Walipojipa alama mara ya pili, zikashuka.

Mimi nilijiuliza kwa nini. Baiskeli ya nyumbani ikigoma, fundi yuko kwenye kona, chini ya mwarobaini. Miaka yote hiyo kichwa changu kimekuwa kikihesabu ujuzi wa yule fundi kama mali yangu. "Ninajua" na "yupo anayejua hapa karibu" vinakaa chumba kimoja kichwani, na huwezi kuvitenganisha mpaka mtu akupe karatasi.

Usianze na kazi yenu wenyewe, nakuomba. Ukimwambia mpishi wa miaka 20 aeleze pilau, ataona unamchunguza. Baiskeli haimuumizi mtu. Watu watacheka, na wakishacheka wamekubali nusu ya jambo.

Mkutano wa pili ndipo unaingia kwenye kazi. Kila mtu aandike peke yake, bila kuongea na jirani: mweleze msichana asiyewahi kuingia jikoni, kuanzia kuni hadi sinia. Asiyeandika vizuri asimulie, wewe uandike. Kisha chukua kalamu nyekundu uzungushie kila penye "ya kutosha", "kiasi", "mpaka iwe sawa", "unaangalia tu". Sisi tulizungushia mahali 31. Kila duara jekundu ni shimo, na kwa miaka 10 tulikuwa tukiyapita mashimo hayo bila kuanguka kwa sababu mtu fulani alikuwa amelaza ubao juu yake.

Uliza macho yanakwenda kwa nani

Geuza kila shimo liwe swali, na kila swali lipate ukurasa wake. Mchele upi? Maji kiasi gani? Moto upunguzwe lini? Nyama imeiva kwa kuitazama au kwa kuibonyeza? Chumvi imekolea? Wageni ni wangapi kweli?

Halafu usiulize "nani anajua?" Ukiuliza hivyo watamtaja mkubwa kwa heshima, au watajitaja wenyewe kwa kuogopa kuonekana hawana kazi. Uliza hivi: ukiwa huna hakika, macho yako yanakwenda kwa nani? Mdomo una adabu zake. Macho yanakwenda panapohusika.

Kwa swali la chumvi, nilidhani majina yote yatakuwa ya Shangazi. Hakutajwa hata mara moja. Wote walimtaja binti mdogo kuliko wote, yule tunayemtuma vitunguu. Sababu ilijulikana papo hapo: wakubwa wanatafuna tambuu, Shangazi zaidi ya wote, na ulimi wa tambuu hauna habari na chumvi. Kwa hiyo miaka mitatu sasa Shangazi anapomwambia yule binti "hebu onja, mwanangu, nione kama unajua", alikuwa anauliza kweli. Kuhusu moto, macho yalikwenda kwa mwenzetu aliyekulia Handeni kwa wachoma mkaa, ambaye akisikia tu kuni zinavyolia anajua zimekatwa lini.

Jambo hili lina mtaalamu wake. Mwaka 1985 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba watu walioishi pamoja wanakuwa na kumbukumbu moja iliyogawanywa: mimi nashika haya, wewe unashika yale, na kila mmoja anakumbuka tu kwamba mwenzake anayo. Ndiyo sababu mtu akifiwa na mwenziwe anapotewa pia na vitu alivyodhani ni vyake. Mama yangu alipofiwa na baba alikaa miezi hajui kadi ya kiwanja iko wapi, wala fundi wa bomba anaitwa nani, na alidhani anazeeka. Kumbe nusu ya kichwa ilikuwa imezikwa.

Wegner na wenzake walifanya jaribio jingine, likatoka mwaka 1991, na ningekuwa nimelisikia mapema lingetuokoa. Waliwachukua wapenzi waliozoeana na watu wasiojuana, wakawapa mambo ya kukumbuka wawili wawili. Waliozoeana walikumbuka mengi zaidi. Lakini walipopangiwa na mtafiti nani akumbuke nini, waliozoeana wakawa nyuma ya wasiojuana. Mpango mpya uligongana na ule wa zamani ambao hakuna aliyewahi kuusema kwa mdomo.

Sisi tuliingia mtego huohuo. Mwenyekiti, kwa nia njema, alitupangia: wewe maji, wewe chumvi, wewe moto. Khitma iliyofuata, Msambweni, pilau ilitoka bila chumvi kabisa. Aliyepangiwa alikuwa anamsubiri yule binti kama kawaida, na binti alikuwa ameambiwa yeye ni wa kachumbari. Basi kwenye daftari andika hali ilivyo. Kupanga upya kuje baadaye, taratibu, ukurasa mmoja kwa mwezi.

Toka nje ya kikundi

Hapa ndipo kiini cha habari yenyewe, na ndipo wengi wataishia njiani kwa sababu kunahitaji miguu.

Shangazi aliporudi kutoka Mombasa tulimkalisha, tukamsimulia msiba wote. Nilitegemea ataanza na maji. Swali lake la kwanza likawa, "Mchele mlinunua kwa nani?"

Tulinunua kwa mfanyabiashara mwingine, kwa vile muuzaji wa Shangazi alikuwa hajafungua siku ile na wa pili alikuwa na bei nafuu. Ulikuwa mchele mzuri, mweupe, wa Mombo, umetoka shambani karibuni. Shangazi akatikisa kichwa. "Wa yule babu wangu ni mzuri zaidi." Mzuri kwa lipi? "Ni mzuri tu." Shimo jingine, chukua kalamu nyekundu.

Nikaenda Mgandini kwa yule mzee. Nilimsalimu, nikanunua kilo mbili kwanza (usimuulize mfanyabiashara kitu mkono mtupu), ndipo nikauliza anampa Shangazi mchele gani. Akanionyesha magunia ya nyuma. Mchele wa msimu uliopita. "Mchele mpya haunywi maji sana," akasema, "wa zamani unakunywa na punje zinaachana. Shangazi yako nikimpa mpya, kesho yake gunia lile litanirudia kichwani." Alikuwa akimtengea mwaka hadi mwaka, bila kumwambia, na Shangazi hakuwahi kuuliza.

Ukaona? Sisi tulidhani habari ya maji iko kwa Shangazi. Kumbe nusu yake ilikuwa sokoni, kwa mwanamume ambaye hajawahi kupikia watu pilau. Na yeye naye anajuaje gunia lipi limevunwa lini? Kwa madereva wanaoleta mzigo. Shangazi mwenyewe alipoambiwa alinyamaza, kisha akacheka mpaka tambuu ikamtoka. Alikuwa amesifiwa miaka 20 kwa mkono wake, na sehemu ya mkono huo ilikuwa ya babu wa Mgandini.

Namna ya kufanya ni hii. Ukishapata jina kwenye ukurasa, mwendee mwenye jina umuulize: na wewe katika hili unamtegemea nani? Andika jina la pili, mwendee na huyo. Endelea mpaka umfikie anayesema "mimi naona mwenyewe". Kwetu mnyororo ulikuwa wa watu wawili au watatu, mara moja tu wanne. Usiandike namba ya simu peke yake. Andika anapopatikana, saa ngapi, na anapenda kuulizwaje.

Kwenye mdalasini nilipata somo la kunyenyekea. Mimi hutamka "mdalasini" kama mwenye mali. Muuza viungo akaniwekea aina mbili mezani: moja gome nene gumu lililojikunja mara moja, nyingine nyembamba kama karatasi, tabaka juu ya tabaka, inavunjika kwa vidole. Zote nimewahi kuziita mdalasini na kuzilipia. Mwanangu akanipa habari ya Hilary Putnam, mwanafalsafa wa Marekani, aliyeandika mwaka 1975 kwamba kuna miti miwili ya kwao ambayo majina yake anayatumia sawasawa lakini ukimpeleka msituni hawezi kuitofautisha. Neno linabaki na maana kwa sababu wapo wanaoweza. Basi hata maneno mdomoni mwangu yamekopwa, na wa kunidai yuko dukani kwake anapepea inzi.

Kijana aliongeza na meli. Mtafiti Edwin Hutchins alikaa kwenye meli ya jeshi la majini la Marekani akitazama wanavyojua wako wapi baharini. Mmoja upande wa kulia anapima mwelekeo wa alama ya nchi kavu, mwingine upande wa kushoto, mwingine anaandika na kusema saa, mwingine anachora kwenye ramani. Meli ilijua ilipo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu zima mkononi mwake. Nilimwambia mwanangu ngalawa ya mjomba wake kule Sahare iko hivyohivyo, ila mjomba anapiga kelele zaidi.

Kumuuliza mtu mzima

Nilijaribu mara ya kwanza sebuleni, chai mezani, daftari mapajani. "Shangazi, maji unatia kiasi gani?" Akajibu, "Unatia tu, mwanangu, unaona." Nusu saa nzima ya "unaona". Hakuwa ananificha. Ujuzi wake hauko mahali ambapo maswali ya sebuleni yanafika.

Muulize mikono yake ikiwa kazini. Jikoni, sufuria likiwa motoni, mtu huyohuyo ananena.

Usiulize kiasi, uliza uharibifu. "Ungejuaje kama maji yamezidi?" Hapo alisema bila kupumua: maji yanapokaribia kuisha, wali unatoboka vishimo vidogo juu, na mvuke unatokea humo, vishimo vikiwa vingi na vya sawasawa, palia, vikiwa upande mmoja, moto umelala, zungusha kuni kabla hujagusa mfuniko, ukichomeka mpini wa mwiko hadi chini ukatoka na unyevu lakini si maji, umefika. Na sauti: mchemko mzito unageuka kuwa mnong'ono wa kukaanga. Nilikuwa nimesikia sauti ile miaka 11 bila kujua ni habari.

Kosea makusudi. Nilinyanyua makaa kuyaweka juu ya mfuniko mapema, akanishika mkono. "Bado!" Kwa nini bado? Na sababu ikatoka, ambayo isingetoka kwa swali lolote.

Pima nyuma yake. Nilijaza ndoo na madumu hadi lita 30, maji na supu pamoja, nikamwachia amimine atakavyo. Alipomaliza nikapima yaliyobaki: lita 4. Kwa hiyo kwa kilo 20 za mchele wa zamani alitia 26. Shughuli mbili zilizofuata alitia 25 na 27. Mtu anayeapa kwamba hapimi alikuwa anapima vizuri kuliko sisi wenye hesabu.

Na kwa nini 26, siyo 35? Maji ya wali yanakwenda njia mbili: mengine yananywewa na mchele, mengine yanatoka na mvuke. Ukizidisha mchele mara 20, ya kunywewa yanazidi mara 20. Ya mvuke hayafuati hesabu hiyo, kwani mdomo wa sufuria kubwa haujawa mpana mara 20 kuliko wa sufuria la nyumbani, na mfuniko wake tunauziba kwa makaa juu. Shangazi nilipomweleza alisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama vitunguu vimeshamenywa.

Jambo la mwisho hapa ni haki. Unachomuuliza mtu ndicho kinachomlisha. Ukienda, nenda na kitu. Mimi hupeleka tambuu na chokaa yake. Na mengine usiandike. Mchanganyiko wa viungo Shangazi husaga kwake, mlango umefungwa, anakuja nao ndani ya kopo la maziwa. Siri ya mtungi muulize kata, na kata yetu haisemi. Ukurasa wa viungo una maneno haya tu: "Shangazi. Mrithi atamtaja mwenyewe." Hatujagombana naye kwa hilo, na kikundi kilichokubali ukurasa huo ndicho alichokifungulia kurasa nyingine.

Majina mawili kila ukurasa

Jina moja kwenye ukurasa ni hatari. Weka la pili, na huyo wa pili ajifunze kwa kusimama kando ya wa kwanza, siyo kwa kusoma. Daftari letu haliwezi kumfundisha mtu pilau. Linamwambia tu asimame kando ya nani.

Kisha mjaribu kwa siku ya kimya. Chagua kazi ndogo, ya watu 40 hivi, ambapo ikiharibika hasara inabebeka. Wenye majina ya kwanza waje, wakae kwenye mkeka, wasiseme neno. Majina ya pili wafanye kazi yote. Shangazi alivumilia mpaka moto ulipokuwa unawaka sana, akakohoa. Moto ukapunguzwa. Dakika kumi baadaye akakohoa tena. Kwenye daftari nikaandika: "Moto: amekohoa mara mbili", maana yake hapo bado hatujaweza wenyewe. Siku ya kimya ya pili alikohoa mara moja, na alidai ni vumbi.

Kuhusu simu, wanakikundi walitaka tupige picha kurasa zote tuziweke kwenye kundi la WhatsApp, basi yaishe. Tulifanya hivyo, na kwa mwezi mzima hakuna aliyejifunza kitu. Betsy Sparrow na wenzake, Wegner akiwemo, walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wakijua kompyuta imeihifadhi habari, hawaishiki sana habari yenyewe. Wanachoshika vizuri ni mahali ilipohifadhiwa. Mimi sioni hilo kuwa baya, ndivyo tulivyomfanya hata Shangazi. Ila simu haikohoi. Sasa picha ya ukurasa inapigwa baada tu ya jina la pili kupika peke yake na sinia kurudi tupu.

Daftari likae kwa mtu anayekuja kila shughuli, siyo kwa mwenyekiti. Lifunguliwe kila baada ya miezi mitatu, maana watu wanahama, wanaolewa, wanakosana. Mzee wa Mgandini mwaka huu anasumbuliwa na magoti na duka kamwachia mjukuu. Ukurasa wa mchele umerudi kuwa na alama nyekundu, na nimeshakwenda mara mbili kumuuliza huyo kijana kama anajua magunia ya nyuma ni ya nini. Mara ya kwanza hakujua. Mara ya pili babu alikuwa ameshamwambia.

Ukurasa uliotutesa zaidi ni wa idadi ya wageni. Mwenye shughuli hutaja watu pungufu ili bei iwe ndogo, au kwa kuwa kweli hajui. Macho yetu yote yalikwenda kwa Shangazi, na Shangazi alipobanwa na swali la "unamtegemea nani" alikataa wiki mbili kusema. Mwisho akamtaja fundi cherehani wa Barabara ya 12, anayeshona sare za arusi. Huyo anajua vitambaa vingapi vimekatwa, na watu hawalipii sare ya arusi wasiyokwenda.

Siku hizi mimi mwenyewe nampitia fundi siku tatu kabla, baada ya alasiri, cherehani ikiwa imepoa. Arusi ya mwezi uliopita, Chuda, bibi mwenye shughuli alituambia wageni 250. Fundi akaniambia amekata sare 190 za wanawake peke yao na mafungu mengine bado yanakuja. Tuliongeza kilo 15. Yalibaki masinia mawili, tukayapeleka madrasa.